Malkia Amebana Maziwa

Jumatatu, 4 Agosti

Hajjati Halimah ametutangazia asubuhi, mimi na Imalingat, tukiwa bado na ndoo mikononi. Mwisho wa mwezi ng'ombe wote wanahamishwa kutoka hapa nyuma ya nyumba yake, Busia ya Uganda, kwenda shambani kwake Masaba. Majirani wamechoka na harufu. Huko Masaba kuna nyumba ya mkamuaji. Vyumba viwili, mabati mapya, mlango wa mbao ngumu. Kisha akasema mkamuaji atakayekwenda ni mmoja tu. Yule mwingine Mungu atamwonyesha njia.

Naijua njia ambayo Mungu humwonyesha mtu hapa mpakani. Inaishia kwenye kupakua malori.

Nyumba ile lazima iwe yangu! Mke wangu Mwasiti yuko Kondoa, anakula kwa kaka yake, na wifi yake anaangalia kila tonge linavyopanda mdomoni. Nilimwahidi chumba siku niliyopanda lori la vitunguu kuja huku kama utingo. Dereva aliniacha hapa, nami nikaendelea kuahidi. Mara ya mwisho Mwasiti alisema kiangazi hiki kikiisha bila chumba, atajihesabu hana mume. Alisema polepole. Angefoka ningelala vizuri.

Shida ni Malkia, ng'ombe wangu wa kukamua. Mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kama gunia. Ndama wake alikufa wiki iliyopita na tangu hapo amebana maziwa. Kiwele kimejaa, chuchu kavu. Imalingat anamkamua yule mwekundu, ambaye ndama wake ni mzima. Bahati ya mvivu.

Halafu anajifanya mwema. Amemchuna yule ndama aliyekufa, ngozi ameitia chumvi, sasa anaijaza majani makavu. Anasema kwao, kwa Wateso, mama aliyefiwa husimamishiwa ngozi ya mwanawe ailambe, na maziwa hushuka. "Papa Swedi, jaribu tu. Hii si kitu ya kununua." Nimemjibu kwamba nilifika darasa la sita, siwezi kumdanganya ng'ombe kwa mdoli.

Ameshona tumbo la mdoli huku akipiga mluzi. Nachukia mtu anayepiga mluzi akifanya kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevuka upande wa Kenya, hadi duka la dawa za mifugo la Osborn. Kijana ana koti jeupe na viatu vya mpira wa kikapu. Nilimweleza habari za Malkia. Akacheka. "Buda, hiyo ni kitu ndogo." Akatoa kichupa. Akasema ubongo wa ng'ombe hutengeneza dawa hii hii wenyewe ndama anaponyonya, sasa kama ubongo umegoma, mimi nampa ya dukani. Akaniuliza kama nina karatasi ya daktari. Nikamuuliza kama yeye ana leseni. Tukaelewana.

Jioni nilisubiri Imalingat aende kukata matete. Nikajifanya nampapasa Malkia shingoni. Sindano ikaingia. Kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda, chuchu zikaanza kudondosha maziwa zenyewe.

Maziwa! Ndoo imejaa mpaka povu likamwagikia ndala zangu. Imalingat aliporudi alisimama pale na ndama wake wa majani kwapani, kama mtu aliyekuja msibani akakuta harusi.

Hajjati alitoka na kanga ya jikoni. "Eh! Mutanzania! Kumbe weye najua kazi!" Nikamwambia ni mikono tu, Hajjati. Ni mikono.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi sindano, jioni sindano. Malkia anamwaga kama bomba lililopasuka. Hajjati ameanza kuwaonyesha wageni mikono yangu. Leo mwanamke mmoja wa dukani aliigeuza akaitazama pande zote mbili.

Nimempigia Mwasiti. Nimemwambia afunge mizigo, mimi sasa ni meneja wa maziwa. Aliuliza jambo moja tu, kama mlango una komeo. Nikasema una makomeo mawili. Akasema basi atamuuliza kaka yake habari za mabasi. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijakisikia siku nyingi. Nilitaka kuisikiliza zaidi lakini nilikuwa na mambo ya kupanga.

Imalingat ameniuliza kwa nini Malkia anatetemeka nikimsogelea shingoni. Nikamwambia ni heshima.

Jumanne, 12 Agosti

Jana nilisahau kichupa kwenye suruali nyingine. Nikasema si kitu, Malkia ameshazoea, leo atashusha mwenyewe. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna hata tone! Kiwele kigumu kama ngoma, na ng'ombe ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyafunga maziwa.

Nikakimbilia sindano. Ikatoa nusu ndoo, tena kwa kinyongo.

Nimerudi kwa Osborn. Nikamwambia dawa yake imechuja. Akasema dawa haina makosa, huenda ng'ombe amekuwa sugu, niongeze kipimo. "Weka mara mbili, mzee wa Bongo. Akikataa, weka tatu." Huo ndio utaalamu. Nimeweka mara mbili na ndoo imejaa. Ona!

Ijumaa, 15 Agosti

Mara tatu. Robo ndoo. Malkia ameipiga robo hiyo teke, pamoja na muundi wangu.

Kiwele kimepata joto. Hajjati amekiona kabla sijakificha, ingawa sijui ningekificha vipi. Akamwita Dokta Nerima, daktari wa mifugo anayetoka pande za Masafu na pikipiki yake. Mama mnene, mpole wa uso, mwenye macho ya kuchokonoa. Alipapasa kiwele, alipapasa tumbo, kisha akapapasa shingo. Akakaa hapo shingoni muda mrefu. Akaniuliza haya matundu ni ya nini. Nikasema mbung'o.

Alimwomba Hajjati chai, ili Hajjati aende jikoni. Kisha akanishika kiwiko akanivuta hadi kwenye ua. "Mbung'o wa huku anachoma safu iliyonyooka, si ndiyo? Anapiga na rula?"

Nikakiri. Nusu.

Sikujua kwamba mtu anaweza kukufokea kwa kunong'ona. Alisema ile dawa inaitwa oksitosini, ni mnyororo mfupi wa vipande vya protini, na ubongo huuachia kwenye damu ndama anaponyonya au mkamuaji anapoosha kiwele kwa maji ya moto. Ndani ya kiwele kuna vifuko vya maziwa vilivyozungukwa na misuli midogo. Kila seli ya misuli hiyo ina vipokezi juu yake, vya kuipokea homoni. Ikipokewa, msuli unajikunja na maziwa yanashuka.

Nikasema basi nikizidisha, itapokewa zaidi. Akasema mimi ni mtu wa mpakani, nifikirie wabadilisha pesa na meza zao barabarani. Abiria wawili wakija, wanahudumiwa. Akija mmoja, anahudumiwa. Lakini basi zima likiwazonga asubuhi na jioni, wanafanya nini? Kwanza wanafunika meza kwa kitambaa. Meza ipo, kazi hakuna. Wakizidi kuzongwa wanaingiza meza ndani. Na katika kusukumana, meza nyingine zinavunjika kabisa, mpaka fundi achonge mpya.

"Seli nayo ni hivyo hivyo. Wewe unapiga kelele, yenyewe inaingiza meza."

Nikauliza zinarudi lini. Akasema nikiacha kelele. Zilizofunikwa zinafunuliwa upesi, zilizoingizwa ndani zinatolewa taratibu, zilizovunjika zinangoja fundi. Hata sindano ya kipimo kidogo sana, hakuna. Maji ya moto, mikono ya upole, na ile ngozi ya ndama aliyoiona pale ukutani, maana ng'ombe akiilamba, ubongo wenyewe utatuma homoni kidogo kidogo, kwa kipimo chake. Maziwa yatapungua kwanza, tena sana. Lazima nivumilie.

Akasema hatamwambia Hajjati, mradi nikome. Akampa Malkia dawa ya joto la kiwele, akanywa chai, akawasha pikipiki.

Maziwa yapungue kwanza! Wakati huu! Nyumba ya Masaba inatolewa mwisho wa mwezi, na mimi nivumilie!

Jumapili, 17 Agosti

Sikulala. Lakini nimepata.

Dokta amesema maziwa yatapungua kabla ya kurudi. Sawa. Lakini kwa nini yapungue mikononi mwangu? Mimi nikiondoka, Malkia atakamuliwa na Imalingat. Aibu itakuwa ya Imalingat! Hajjati ataona ndoo tupu siku hadi siku, atakumbuka ile mikono yangu. Meza za Malkia zikishatolewa nje, narudi, nakaa kwenye kigoda, maziwa yanamwagika. Nyumba yangu.

Na kuna zaidi. Nimemchunguza Hajjati. Zamani nikisalimia alijibu, "Wa alaikum salaam, Swedi, umeamkaje?" Siku hizi anajibu "Mm." Tena juzi nilipomweleza habari za mikono yangu alikuwa anapekua simu. Ni wazi! Nimejisifu asubuhi na jioni, nimemzonga, naye ameingiza meza ndani. Anahitaji kupumzika nami. Dawa moja, wagonjwa wawili. Dokta mwenyewe hakuliona hilo.

Nimemwambia Hajjati kwamba mjomba wangu amefariki Tororo. Akashangaa. Mtu wa Kondoa ana mjomba Tororo? Nikasema alikuja zamani na biashara ya vitunguu, akaoa huko. "Yaani Watanzania nyote nakuja na vitunguu?" Lakini akasikitika. Akanipa kilo ya sukari na kitenge cha kumfariji mjane. Imalingat akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema nisiwe na wasiwasi na Malkia.

Sina wasiwasi, ndugu yangu. Wasiwasi ni wako.

Jumatano, 20 Agosti

Tororo. Vumbi la saruji mchana kutwa. Nimepata kibarua cha kupakia mifuko kwenye malori, kwa kuwa mfiwa naye lazima ale. Nalala kwenye baraza la ghala, pamoja na wenzangu wanaokoroma kwa lugha nne. Sukari ya mjane nimeimaliza kwa kuilamba. Kitenge najifunika.

Nimempigia Imalingat, kwa sauti ya msiba. Nikauliza Malkia anaendeleaje. Akasema vibaya, papa. Jana maziwa hayakufika hata kikombe cha Hajjati cha chai. Hajjati amepiga kelele hadi jirani akatoka nje. Nikamwambia pole sana, jikaze. Nilipokata simu nilicheka mpaka msimamizi akauliza kama nimekunywa.

Mwasiti alipiga mara mbili. Sikupokea. Nimwambie nini, kwamba nabeba saruji? Nitampigia nikiwa na funguo mkononi.

Jumapili, 24 Agosti

Mgongo si wangu tena. Nikikohoa natoa vumbi la kujengea.

Nilipanga kurudi leo. Lakini nimefikiri. Kama meza nyingine zilivunjika, fundi bado anachonga. Nikirudi mapema maziwa yatakuwa machache na aibu itanihamia. Bora nikae kidogo zaidi, mpaka kila meza itoke nje. Na Hajjati naye azidi kunikumbuka. Kwa nini nile tunda bichi?

Nimempigia Imalingat tena. Akasema Malkia bado, ila si kama mwanzo. Bado! Neno tamu. Hilo la pili sikulitilia maanani.

Mwasiti alituma ujumbe. Kaka yake amepata habari za basi, je, anunue tiketi? Nitamjibu nikiwa na jambo la kujibu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya begi langu. Begi limefungwa.

Nilifika wakati wa kukamua jioni. Nilitegemea kumkuta Imalingat analia. Nilimkuta anapiga mluzi. Malkia amesimama, macho ameyafumba nusu, analamba ile ngozi iliyojazwa majani kama anaisafisha kwa ajili ya sikukuu. Imalingat anamwosha kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, bila haraka, utadhani analipwa kwa kuosha. Kisha akakaa. Maziwa yakashuka. Si ile mvua yangu ya siku ya kwanza, lakini yalishuka mfululizo, na ndoo ikakaribia kujaa.

Hajjati alikuwa ukingoni mwa banda na kikombe chake. Hakushangaa. Kumbe Imalingat alimpigia Dokta Nerima siku ile ile niliyoondoka, akamuuliza afanye nini. Dokta akamweleza. Naye, mjinga yule, akaenda moja kwa moja kwa Hajjati akamwambia maziwa yatapungua sana kwanza, asimwulize kwa nini, avumilie tu. Hajjati alipiga kelele siku moja, kisha akavumilia. Mtu anatangaza aibu yake kabla haijafika! Ujanja gani huo? Ningejuaje?

Nikajikaza. Nikamsalimu Hajjati, nikasubiri ile furaha ya meza zilizotolewa nje. Akasema, "Eh, Mutanzania. Umerudi?" Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba nilipoondoka masikio yake yalipumzika kweli.

Nikaona nyumba inaondoka. Nikamwomba nikamue. Nikasema ndoo ile ni kazi ya mikono yangu ya zamani, Malkia ni wangu, aniache nimkamue mbele yake na aamue kwa haki. Hajjati ni mtu wa haki. Akasema haya, maana hadi asubuhi hii alikuwa bado hajaamua. Imalingat akainuka mwenyewe akanipisha kigoda. Akaninong'oneza nipitie upande wa miguu, nisipitie shingoni.

Nani anaomba ushauri? Nilipitia shingoni. Nilinyoosha mkono nimpapase, kama zamani.

Malkia alikakamaa mwili mzima. Ngozi ikamtetemeka kuanzia sikioni hadi mkiani. Akaacha kulamba. Nikakaa, nikashika chuchu. Zile zile zilizokuwa zinadondosha maziwa dakika hiyo hiyo. Kavu! Nilivuta, nilikanda, nilimwimbia. Nilimwita mama. Kavu.

Hajjati aliweka kikombe chini. "Huyu ng'ombe naogopa weye. Kwa nini?"

Nikasema ananusa msiba kwangu, ameungana nami kwa huzuni.

Hajjati akaja hadi shingoni mwa Malkia. Akapitisha kidole polepole, penye yale makovu. Alinitazama. Sikuweza kufikiria mdudu mwingine. Akauliza kitu kimoja tu, mjomba wangu jina lake nani. Nikafungua mdomo. Majina yote ya wanaume duniani yakanikimbia.

"Imalingat ndiye nakwenda Masaba," akasema. Basi.

Imalingat alinisindikiza hadi getini akiwa amebeba begi langu. Akasema angependa kunisemea kwa mtu anayemjua Masaba, mwenye mbuzi. Nikakataa. Sitaki huruma ya mtu anayetembea na mdoli.

Ijumaa, 29 Agosti

Busia, upande wa malori. Mahindi, kisha sabuni, kisha mahindi.

Nimempigia Mwasiti nimweleze kwamba nyumba imecheleweshwa kidogo na mafundi. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nikapiga mchana. Nikapiga baada ya magharibi. Hapokei. Nikatuma ujumbe kwamba makomeo yamefika. Hajajibu.

Mwishowe nikampigia kaka yake. Akasema dada yake yupo, mzima, anapika. Nikamwomba ampe simu. Nilisikia anaitwa. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha kaka akarudi akasema Mwasiti amesema ana kazi. Nilisikia vizuri kwamba hakuwa amesema kitu.

Jumapili, 31 Agosti

Leo ng'ombe wamehama. Niliwaona wakipita kwenye lori, Malkia nyuma, Imalingat kasimama naye ameshika ile ngozi isianguke. Alinipungia mkono. Nilikuwa na gunia kichwani, nikapata sababu ya kutopunga.

Nimekaa kivulini na kufikiri, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiri. Mwasiti hasikii tena. Ni jambo la kisayansi, Dokta Nerima ameshalieleza. Nimemwahidi chumba miaka hii yote, ahadi juu ya ahadi, naye ameingiza meza zote ndani, amefunga na mlango. Mpaka hapo naelewa vizuri kabisa. Naona hata Dokta angenipa mkono.

Dokta angesema nikae kimya, nisiahidi kitu, niende kidogo kidogo kwa kweli. Lakini kimya nimekijaribu! Nilikaa kimya Tororo kwa Hajjati, nimepata nini? Nilikaa kimya kwa Mwasiti, ndipo akaacha kupokea. Kimya ndicho kilichoniponza. Hapana. Kosa langu ni moja tu, nilikuwa nampa kipimo kidogo.

Nimezungumza na wapakuaji wenzangu. Kila mmoja ataniazima simu yake. Nitampigia kwa namba za Uganda asubuhi, namba za Kenya mchana, na jioni dereva mmoja wa lori, mtu wa Singida, amekubali kusema yeye ni fundi wangu. Na si chumba tena. Vyumba vinne, sakafu ya vigae, maji ndani. Akikataa, naongeza ghorofa.